Kikombe cha Chai Hakimstaafishi Mtu

Maandishi ya mazungumzo na vikundi vya akiba, soko la Kithyoko, Masinga



Mazungumzo ya leo yanahusu habari ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona. Huja kwa gazeti la Jumapili, huja redioni asubuhi, na siku hizi huja zaidi kwa simu, ikitumwa kutoka kikundi kimoja hadi kingine. Kichwa chake hakibadiliki sana: kijana wa miaka 32 au 35 ameacha kazi, hana bosi, hana deni, na siri yake ni kujibana. Aliacha kunywa chai hotelini. Alibeba chakula kutoka nyumbani. Alivaa mitumba. Alitembea kwa miguu badala ya kupanda bodaboda. Miaka kumi baadaye, amestaafu.

Msomaji wa Kithyoko anaweka simu chini na kujitazama. Yeye ametembea kwa miguu tangu shule ya msingi. Chakula chake ni isyo au muthokoi uliopikwa nyumbani. Nguo zake alizichagua kwenye rundo siku ya soko. Huko kujibana anakujua, wala hakufundishwa na gazeti. Lakini hajastaafu, na haoni dalili. Basi anaanza kujiuliza ni wapi alipokosea, na kama ni zile shilingi 30 za chai.

Hakukosea. Iliyokosewa ni habari yenyewe. Si kwamba ni uongo mtupu. Mara nyingi kila sentensi ndani yake ni ya kweli. Ila imeeleza kiasi ambacho mtu hakutumia na kunyamaza kuhusu kiasi alichopata.

Ni vizuri chai hiyo ihesabiwe mbele ya watu. Shilingi 30 kila siku kwa mwaka mzima ni shilingi 10,950. Kwa miaka kumi ni shilingi 109,500. Mwenye kuziweka mahali panapolipa riba ya asilimia 10 kila mwaka bila kukosa, jambo ambalo si rahisi, atakuwa na karibu shilingi 174,500. Ni pesa nzuri, wala hakuna wa kuzidharau. Sasa chukua familia ya watu watano inayotumia shilingi 20,000 kwa mwezi kwa chakula, karo, nauli, maji na dawa. Pesa yote ile ya chai ya miaka kumi itailisha familia hiyo kwa muda usiofika miezi tisa. Na hapo bei hazijapandishwa. Mfumko wa bei ukiwa asilimia 7 kwa mwaka, gharama ya shilingi 20,000 ya leo inakaribia 40,000 baada ya miaka kumi, kwa hiyo miezi tisa inageuka minne na siku chache. Mnaokumbuka mwaka 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipopita shilingi 200, hamhitaji kuelezwa zaidi.

Miaka kumi bila chai, ili kupumzika miezi minne.

Watu wanaofundisha kustaafu mapema wana kanuni yao, na ni haki ielezwe. Wanasema mtu akusanye mara 25 ya matumizi yake ya mwaka, aiwekeze, kisha atoe asilimia 4 mwaka wa kwanza na kuongeza kidogo kidogo kufuata bei. Kanuni hii inatokana na hesabu zilizochapishwa mwaka 1994 na mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen. Alitumia historia ya hisa na hatifungani za Marekani, na alikuwa akiwahesabia wastaafu ambao pesa zao zilitakiwa zidumu kama miaka 30. Mtu wa miaka 35 anahitaji miaka 50. Tena anayeishi kwa shilingi ana mambo mengine ya kufikiria: mwaka 2013 dola moja ilikuwa kama shilingi 85, na kufikia Januari 2024 ilikuwa imefika karibu 160 kabla ya kushuka tena.

Hata hivyo kanuni na itumike. Familia ya shilingi 20,000 kwa mwezi hutumia 240,000 kwa mwaka. Mara 25 ni shilingi milioni 6. Kuzipata kwa miaka 15 bila kutegemea riba ni kuweka zaidi ya shilingi 33,000 kila mwezi, mbali na zile 20,000 za kula. Sasa mweke mbele mfanyakazi anayelipwa shilingi 15,000. Asipokula, asipovaa, asipolala ndani ya nyumba, akaweka kila senti kwa miaka 15, atakuwa na shilingi milioni 2.7. Hajafika nusu. Kujibana kuna mwisho wake. Mtu anaweza kupunguza matumizi mpaka afike kwenye unga, chumvi na mafuta ya taa, na akifika hapo hakuna tena cha kukata. Kipato ndicho kisicho na dari, na ndicho kichwa cha habari kisichotaja.

Hao wanaoandikwa ni kina nani? Anayejulikana zaidi ni Peter Adeney, mzaliwa wa Kanada anayeishi jimbo la Colorado, Marekani. Alistaafu mwaka 2005 akiwa na miaka 30, na ameandikwa sana kama mtu wa baiskeli na matumizi madogo. Baiskeli ni ya kweli. Ni kweli pia kwamba yeye na mkewe wote walikuwa na ajira za teknolojia, na kwamba waliacha kazi wakiwa na mamia ya maelfu ya dola kwenye hisa pamoja na nyumba iliyolipiwa yote. Baadaye alianzisha tovuti ya kufundisha kubana matumizi, na mwaka 2016 jarida la The New Yorker liliandika kwamba ilikuwa ikimwingizia kama dola 400,000 kwa mwaka. Mtu anayepata pesa hiyo kwa kuandika hajastaafu; amebadilisha kazi. Hakuna ubaya, ila kichwa cha habari kingesema hivyo.

Wengine ni Kristy Shen na mumewe Bryce Leung wa Toronto, waliojulikana mwaka 2016 baada ya kituo cha CBC kuwatangaza kuwa wameacha kazi wakiwa na dola milioni moja za Kanada. Shen alikulia katika umaskini nchini China, na bidii yake haina shaka. Lakini wote wawili walikuwa wahandisi wa kompyuta, na ndiyo maana walikuwa na mishahara ya kubana. Mwaka 2017 tajiri wa majengo wa Australia, Tim Gurner, alisema kwenye televisheni kwamba vijana hawanunui nyumba kwa sababu wanakula mkate wenye parachichi na kunywa kahawa za bei. Dunia nzima ilicheka na kubishana, na wengi hawakufika kwenye sehemu inayoeleza kwamba yeye mwenyewe alianza biashara akiwa na pesa kutoka kwa babu yake. (Majirani wa Murang'a, wanaochuma parachichi kwa gunia, wangemshangaa mtu anayefilisiwa na tunda hilo.)

Kuna habari moja ya aina hii inayostahili kusomwa polepole. Ronald Read wa mji wa Brattleboro, jimbo la Vermont, alifanya kazi kwenye kituo cha petroli na baadaye akawa mfagiaji katika duka la JCPenney. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 92, ikaonekana ana mali ya karibu dola milioni 8. Magazeti yakaandika juu ya koti lake lililofungwa kwa pini na kuni alizojikusanyia. Pini haikuzaa dola milioni 8. Hisa alizonunua na kutoziuza kwa miongo mingi ndizo zilizozaa, katika nchi ambayo soko lake la hisa lilipanda sana wakati wa uhai wake. Na Read hakustaafu mapema. Alifanya kazi hadi akiwa na miaka zaidi ya 70, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilikwenda kwa hospitali na maktaba ya mji wake.

Inafaa wananchi wajue habari kama hizi hutengenezwa vipi, maana mara nyingi hakuna aliyekusudia kudanganya. Mwandishi ana saa chache. Mhojiwa anapenda kusimulia juu ya nidhamu yake, hapendi kutaja mshahara wake wala shamba aliloachiwa na baba. Mhariri anataka kichwa kitakachomsimamisha msomaji, na "Aliacha chai akastaafu" kinamsimamisha kuliko "Wahandisi wawili wasio na watoto waliweka nusu ya mishahara yao." Halafu kuna jambo kubwa zaidi: aliyeshindwa hapigi simu redioni. Watu mia moja wanaweza kujibana kwa namna ileile, tisini na tisa wakarudishwa nyuma na ugonjwa, karo au mifugo kufa, na gazeti likamhoji yule mmoja. Kwa hiyo msomaji akikutana na habari hiyo, kuna maswali ya kuiuliza. Alikuwa akilipwa kiasi gani? Mwenzake je? Nyumba na shamba vilitoka wapi? Ni nani walimtegemea? Na leo anaishi kwa pesa gani, ile aliyoiweka au ile anayolipwa kufundisha wengine?

Kenya imewahi kulipia habari ya nusu. Mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014, habari zilikuwa kware. Yai moja lilisemwa kuuzwa hadi shilingi 100, likasifiwa kutibu magonjwa ya kila aina, na watu wakapanga foleni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kutafuta leseni, kwa kuwa kware alihesabiwa ndege wa porini. Waliouza mayai na vifaranga mapema walipata pesa, na hao ndio waliohojiwa. Kabla mwaka 2014 haujaisha bei ilikuwa imeanguka hadi shilingi chache, na walioingia wakiwa na mkopo wakabaki na vizimba.

Habari za kustaafu kwa kujibana hazimwachi mtu na kizimba. Madhara yake hayaonekani kwa macho. Mama anayeuza mboga anaanza kuruka chakula cha mchana. Mwingine anaacha kulipia bima ya afya ya SHA kwa kuwa hakuugua mwaka huu, na mwezi unaofuata mtoto analazwa. Mwenye kazi ya mshahara anaiacha mapema, anachukua mafao yake kwa mkupuo, na miaka mitatu baadaye anatafuta kibarua kwa waliokuwa chini yake. Mbaya kuliko yote, akiona chai haimfikishi, anaanza kumsikiliza anayemwahidi kuzidisha pesa maradufu kwa miezi miwili. Waliochomwa na zile biashara za upatu za mwaka 2006 na 2007 wengi wao walikuwa watu wa akiba, na walinaswa kwa sababu walikuwa na kitu cha kunaswa nacho.

Pia habari hizi huiita pesa inayotumwa nyumbani "uvujaji." Neno hilo halifai Ukambani. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya. Huwezi kuweka nusu ya mavuno ambayo hayakuja. Katika nyumba nyingi sufuria iliendelea kukaa mekoni kwa sababu mtoto aliye Nairobi, Thika au Mombasa alituma shilingi 500 hapa, 1,000 pale. Aliyetuma hakuvujisha kitu. Hiyo ndiyo bima ambayo Ukambani umekuwa nayo kabla ya kampuni yoyote ya bima kufungua mlango, na aliyetuma leo ndiye atakayetumiwa kesho.

Na hata chai yenyewe ina mwenyewe. Kithyoko ni mji wa barabarani. Madereva wa malori, abiria wa mabasi, wafanyabiashara wa mbuzi, wote husimama hapa, na zile shilingi 30 huingia mkononi mwa mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko. Gazeti likisema chai ni pesa iliyopotea, yeye anajua ilipo: imekuwa karo.

Je, akiba iachwe? La, hata kidogo. Ila ipimwe kwa kipimo chake. Swali la wengi hapa si kustaafu wakiwa na miaka 35. Ni kama wataweza kupumzika hata wakifika 65. Mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka 60, umri uliopandishwa kutoka 55 mwaka 2009, na ana pensheni. Mwendesha bodaboda, fundi wa baiskeli na mkulima wa ndengu hawana barua ya kustaafu. Mpango wa Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee walioandikishwa, lakini kuanzia miaka 70. Mgongo huchoka kabla ya hapo.

Hapa ndipo ile shilingi 30 inaporudi ikiwa na kazi ya kweli. Akiiweka mtu wa miaka 30 mpaka afikishe 60, na riba ikaushinda mfumko wa bei kwa asilimia 3, atakuwa na karibu shilingi 520,000 kwa thamani ya leo. Zikigawanywa kwa miaka 15 ni kama shilingi 2,900 kwa mwezi. Haimfanyi tajiri. Lakini ni zaidi ya Inua Jamii, na inaanza miaka kumi mapema. Wazo hili si geni. Mwaka 2011 ulizinduliwa mpango wa uzeeni wa watu wa jua kali uliopewa jina la Mbao, jina la mtaani la shilingi 20, kwa sababu hicho ndicho kiasi cha kuweka kwa siku. NSSF nayo ina mpango wa Haba Haba kwa wasio na mwajiri.

Kuna faida nyingine iliyo karibu zaidi, na wakulima wataielewa haraka. Ndengu za mvua ya Oktoba huvunwa mwezi wa kwanza na wa pili, wakati uleule shule zinapofunguliwa. Dalali analijua hilo vizuri kuliko mkulima. Chukua mfano wa mtu mwenye magunia manne ya kilo 90. Dalali anampa shilingi 80 kwa kilo. Miezi mitatu baadaye bei ni 110. Tofauti ni shilingi 10,800. Asiye na akiba anauza siku hiyohiyo kwa sababu mtoto yuko mlangoni na sanduku. Mwenye shilingi 10,950 alizoziweka mwaka mzima analipa sehemu ya karo, anatia ndengu kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili zisitobolewe na wadudu, na anangoja. Bei haipandi kila mwaka, na mifuko hununuliwa. Lakini mwaka ikipanda, akiba yake imejirudia mara mbili bila yeye kujinyima zaidi. Hali ni hiyohiyo kwa mbuzi: wakati wa kiangazi anayelazimika kuuza hupewa bei ya kulazimika.

Akiba ndogo hununua muda wa kungoja. Miezi mitatu, minne, wakati mwingine mwaka. Miaka arobaini haiko kwenye bei hiyo.

Kwa vikundi vilivyofika leo, mambo mawili ya kufuatilia. Anayetaka kujiandikisha NSSF bila mwajiri anaweza kuhudumiwa katika Huduma Centre mjini Machakos, na ni vizuri aende na kitambulisho chake halisi. Kikundi kinachofikiria kuhamisha pesa za benki ya mezani kwenda kwenye sacco kimwone kwanza afisa wa ushirika, kabla ya kulipa ada yoyote. Orodha ya sacco zenye leseni ya kupokea akiba hutolewa na SASRA kila mwaka, na asiye na intaneti ana haki ya kuomba asomewe.